Soko Lipi Limepanda?

Kabla soko la hisa halijapata jumba lake, kompyuta zake na nafasi yake katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, neno hisa lilikuwa limekwisha kukaa pwani miaka mingi, likitumika katika mirathi, ambako kila mrithi hupewa hisa yake kwa kadiri ya sheria, na kadhalika katika vyombo vya uvuvi, ambako mapato ya siku yaligawanywa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la kila mtu aliyevuta kamba, wala hapakuwa na mtoto wa pwani aliyehitaji mwalimu wa kumfundisha kwa nini mwenye chombo hupata fungu lake hata siku ambayo miguu yake haikuloa maji. Chombo ni chake. Kikirudi kimejaa hupata, na kikipasuka mwambani hasara ni yake. Mtu aliyefahamu hayo amekwisha kufahamu nusu ya elimu ya hisa. Nusu iliyobaki ndiyo nitakayojaribu kuieleza hapa, kwa kuwa nimeona watu wenye akili timamu, wanaoweza kukadiria kwa jicho uzito wa mbuzi na kwa harufu umri wa samaki, wakinywea kama wanafunzi wa siku ya kwanza mara mtangazaji anaposema kwamba fahirisi imeshuka kwa pointi kadha wa kadha.

Shirika la mashua na kampuni ya hisa hutofautiana katika jambo moja kubwa, nalo ni namna ya kutoka. Watu watatu walioshirikiana kununua mashua, mmoja wao akitaka fedha zake ili amwoze binti yake, sharti wenzake wamlipe, au wamkubali mgeni aliyemleta, au mashua iuzwe na shirika livunjike. Waholanzi, walipounda mwaka 1602 kampuni yao kubwa ya kufanya biashara katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, walikutana na taabu hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi, maana safari zilikuwa ndefu, merikebu zilikuwa nyingi, na kumrudishia kila mtu mtaji wake kila merikebu ilipotia nanga kungekuwa ni kuivunja kampuni kila mwaka. Dawa waliyoipata ni nyepesi kuisema ingawa haikuwa nyepesi kuibuni: mtaji haurudi, bali anayetaka kutoka na amtafute mwingine wa kuinunua hisa yake, na jina libadilishwe katika daftari. Mara watu walipoanza kutafutana kwa ajili hiyo mjini Amsterdam, soko la hisa lilikuwa limezaliwa, hata kabla halijapata jina wala sheria.

Huku kwetu lilifika kwa njia ya ukoloni na kwa ubaguzi wake. Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali, waliokuwa wakikutana hotelini na kukubaliana kwa mdomo wakiwa na vikombe vya kahawa mbele yao, na Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua wala kuuza humo hadi ulipopatikana uhuru wa mwaka 1963. Tanzania ilishika njia nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967, pamoja na kutaifisha mabenki na viwanda, lilimkataza kiongozi wa chama cha TANU au wa serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote, hata neno lenyewe likawa na harufu ya unyonyaji masikioni mwa kizazi kizima, na makatazo hayo hayakulegezwa hadi azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Sheria ya masoko ya mitaji ikatungwa mwaka 1994, na tarehe 15 Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likafungua mnada wake kwa kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa hewa ya oksijeni. Dalali ni neno jingine ambalo pwani ililijua zamani, mtu wa kukutanisha mwuzaji na mnunuzi na kuchukua ujira wake katikati. Na katika soko la hisa dalali huyo sharti awe na leseni, kwani mwananchi wa kawaida haingii mnadani mwenyewe, bali hupitia kwake, baada ya kufunguliwa akaunti ambayo hisa zake huandikwa humo kama fedha zinavyoandikwa benki, bila ya cheti cha karatasi cha kufichwa chini ya godoro.

Sasa tuje kwenye toleo la hisa, na hapa naomba radhi kwa kukawia kidogo, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika bila ya kudanganywa na mtu. Kampuni inapouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, hutoa kitabu kiitwacho waraka wa matarajio, ambamo hueleza hesabu zake, madeni yake, wakurugenzi wake, hatari za biashara yake, idadi ya hisa na bei yake. Na katika waraka huo, fauka ya hayo yote, kuna mstari mmoja ambao mnunuzi angepaswa kuusoma kabla ya mistari mingine, nao ni ule unaoeleza fedha zake zinakwenda kwa nani. Kwani kuna hisa mpya, ambazo kampuni huzitoa ili ipate mtaji, na fedha zake huingia katika sanduku la kampuni zikajenga, zikanunua mitambo au zikalipa madeni. Na kuna hisa za zamani, ambazo mwenyewe aliyekuwa akizimiliki huamua kuziuza, na fedha zake huingia mfukoni mwake yeye, kampuni isipate hata senti. Mambo mawili haya hutangazwa kwa shangwe ile ile na mabango yale yale, ilhali ni tofauti kama kumchangia fundi anunue mbao na kuinunua kwa jirani mashua aliyokwisha kuichoka.

Mwaka 1998 hadi 2008 mauzo mengi makubwa ya Afrika Mashariki yalikuwa ya namna hii ya pili, kwa sababu serikali ndizo zilizokuwa zikijitoa katika biashara. KenGen, kampuni ya kufua umeme, mwaka 2006 ilikuwa hivyo: serikali ya Kenya iliuza sehemu ya hisa zake kwa shilingi 11.90, na siku ya kwanza sokoni bei ikaruka hadi kiasi cha shilingi 40, jambo lililowafanya watu waamini kwamba kila toleo ni mvua ya fedha na kinachotakiwa ni kukinga ndoo tu. Kwa imani hiyo ndipo walipolipokea toleo la Safaricom, kampuni ya simu, lililofunguliwa mwishoni mwa Machi 2008, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya machafuko ya uchaguzi. Zilikuwa hisa bilioni 10 za serikali, robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila moja, na kima cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000.

Mjomba wangu mmoja wa Mombasa, mzee wa Mji wa Kale ambaye hajapata kukopa hata sukari, siku hizo alikwenda katika chama chake cha akiba na mikopo, akakopa, akaongeza akiba yake, akaomba hisa 10,000. Alipata 2,000 na ushei. Maombi yalikuwa yamezidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne, na inapotokea hivyo hugawanywa kwa uwiano, kila mwombaji akapunguziwa. Fedha zilizobaki hurudishwa, na za mjomba zilirudi baada ya wiki nyingi za kupanda na kushuka ngazi za ofisi ya dalali wake, ambaye sitamtaja, huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabika usiku na mchana bila ya kulala. Hisa ziliingia sokoni tarehe 9 Juni, zikapita shilingi 7 siku ile ile, kisha zikaanza kuteremka pole pole kama maji kupwa, hata mwanzoni mwa mwaka 2009 zikawa chini ya shilingi 3. Mjomba alidhani kampuni inakufa. Kampuni haikuwa inakufa. Ilikuwa ikiuza maneno na data kama jana yake, na shilingi bilioni 50 za toleo lile hazikuwa zimeingia kwake hata zikapotea kwake, bali zilikwenda Hazina. Kilichoshuka kilikuwa ni kadirio la watu juu ya faida zake zijazo, pamoja na hofu ya msukosuko wa fedha ulioikumba dunia nzima mwaka ule, na wingi wa wauzaji waliokopa kama yeye na kutaka kutoka kwa pamoja.

Kwa kinyume chake, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoamua mwaka 2016 kujiuza lenyewe, yaani kuwa kampuni ya hisa iliyoorodheshwa katika mnada wake yenyewe, hisa milioni 15 kwa shilingi 500 za Tanzania kila moja, zilizotakiwa zilikuwa shilingi bilioni 7.5 za mtaji wa kuendeshea soko. Hapo fedha ya mnunuzi ilikwenda ndani ya chombo.

Kuna toleo la namna ya tatu ambalo humfikia mtu akiwa amekwisha kuwa mwanahisa, nalo ni lile la kuwauzia wanahisa waliopo hisa mpya, kila mmoja kwa kadiri ya alizonazo, aghalabu kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Barua yake ikifika nyumbani hufanana na zawadi. Si zawadi, na hesabu yake ni hii. Chukua mtu mwenye hisa 5 za shilingi 20 kila moja, jumla shilingi 100, akaambiwa anaweza kununua hisa 1 mpya kwa shilingi 14. Akinunua atakuwa na hisa 6 zilizomgharimu jumla ya shilingi 114, na hisa zote hizo zikiwa sawa sawa, mpya na za zamani, bei ya haki ya kila moja sasa ni shilingi 19. Hakupata wala hakupoteza. Lakini aliyeitia barua ile katika kabati na kuisahau atabaki na hisa 5 za shilingi 19, yaani shilingi 95, na shilingi 5 zake zimekwenda kwa waliokubali. Ndiyo maana haki yenyewe ya kununua inaweza kuuzwa sokoni kwa muda maalumu, ili asiyekuwa na fedha asitoke mikono mitupu. Kenya Airways ilifanya hivyo mwaka 2012 kwa kipimo kisicho cha kawaida, hisa mpya 16 kwa kila hisa 5, kwa shilingi 14, ikitafuta zaidi ya shilingi bilioni 20 za kununulia ndege. Ikapata kiasi cha bilioni 14.5. Miaka mitano baadaye madeni ya benki na ya serikali yakageuzwa kuwa hisa, fungu la wanahisa wadogo likawa jembamba kama wembe, na toka Julai 2020 hadi Januari 2025 hisa za shirika hilo zilikuwa zimesimamishwa kuuzwa, mwenye nazo akiziona katika akaunti yake kama mtu aonavyo embe juu ya mti wa jirani.

Ya gawio nitayapita kwa haraka. Kampuni ikipata faida, wakurugenzi hupendekeza na mkutano mkuu wa mwaka huidhinisha sehemu ya kugawiwa wanahisa, kwa kila hisa kiasi fulani. Hutajwa siku ya kufungwa daftari, na ambaye jina lake halimo siku hiyo hapati, na kwa sababu hiyo bei aghalabu hupungua kwa kadiri ya gawio mara hisa zinapoanza kuuzwa bila ya haki ya gawio hilo, kama gunia linavyopungua baada ya kuchotwa. Hisa zikigawanywa, moja ikawa kumi, bei nayo hugawanyika kwa kumi, wala hakuna aliyetajirika, ingawa nimeshuhudia watu wakipongezana.

Na bei ya kila siku hupangwa na nani? Hapangi mtu. Wanunuzi huandikisha bei ya juu kabisa waliyo tayari kutoa, wauzaji huandikisha ya chini kabisa waliyo tayari kupokea, na mashine, ambayo Nairobi ilichukua nafasi ya makelele ya mnadani mwezi Septemba 2006, huwakutanisha wale ambao bei zao zimegusana. Ikiwa mnunuzi wa juu ametaja 18 na mwuzaji wa chini ametaja 20, hakuna biashara, na bei inayosomwa redioni ni ile ya jana au ya wiki iliyopita. Jambo hili lataka kukumbukwa sana Dar es Salaam, ambako kuna kampuni ambazo hisa zake hukaa siku nyingi bila ya kubadili mkono. Bei yake husimama kama saa mbovu, na msikilizaji akadhani ni utulivu.

Sasa fahirisi. Neno hili ni ndugu wa faharasa ya kitabu, na katika habari za uchumi lina maana ya namba moja inayosimama mahali pa bei nyingi. Mwaka 1896 mwandishi wa magazeti wa Marekani, Charles Dow, alichukua bei za kampuni 12, akazijumlisha, akagawanya kwa 12, akapata 40.94, na namba hiyo, iliyorithiwa na wengine na sasa ikiwa na kampuni 30, ndiyo ile ambayo dunia huisikia kila jioni kutoka New York. Wengine baada yake waliona kasoro katika njia hiyo, wakabuni njia nyingine, na kwa kuwa kasoro yenyewe haionekani ila kwa mfano, naomba msomaji anivumilie tujenge soko dogo la kampuni tatu.

Kampuni ya kwanza ni ya jahazi, ina hisa 100 za shilingi 50. Ya pili ni kiwanda cha kamba, kina hisa 1,000 za shilingi 40. Ya tatu ni kinu cha nazi, kina hisa 500 za shilingi 10. Siku hiyo ya mwanzo tunaiita 100, ili tuwe na mahali pa kupimia. Kesho yake hisa ya jahazi inapanda hadi shilingi 100, ya kamba inashuka hadi 34, ya kinu inabaki pale pale. Je, soko limepanda au limeshuka? Kwa njia ya Dow, wastani wa bei tatu ulikuwa shilingi 33 na senti 33, sasa ni 48, na fahirisi ni 144: furaha kubwa. Kwa njia ya kuzidisha, ambayo humpa kila kampuni sauti sawa bila ya kujali bei yake wala ukubwa wake, fahirisi ni 119: furaha ya kiasi. Kwa njia ya thamani ya soko, ambayo huzidisha idadi ya hisa kwa bei yake, kampuni zote tatu zilikuwa na thamani ya shilingi 50,000 na sasa zina 49,000, maana kiwanda cha kamba ndicho kikubwa na ndicho kilichoanguka; fahirisi ni 98: watu wamepata hasara. Bei ni zile zile, siku ni ile ile, hesabu zote tatu ni sahihi.

Huu si mchezo wa darasani. Nairobi huzitumia njia mbili za mwisho kwa wakati mmoja. Fahirisi yake ya kampuni 20, ambayo mwanzo wake ni 100 ya mwaka 1966, hufuata njia ya kuzidisha. Ilipita 6,000 mwezi Januari 2007, na mwezi Machi 2009 ilikuwa chini ya 2,500. Fahirisi ya hisa zote, iliyoanza mwaka 2008, hufuata thamani ya soko, na kwa kuwa Safaricom ni kubwa mno, hata kuna nyakati ambazo peke yake imezidi nusu ya thamani ya soko zima, mwenye kuisikiza fahirisi hiyo kwa kweli huwa anasikiza habari za kampuni moja iliyovaa joho la zote. Dar es Salaam nayo ina mbili kuu, kwa sababu nyingine kabisa: kampuni kadhaa za Kenya zimeorodheshwa pia huko, kama vile Kenya Airways, benki ya KCB na kampuni ya bia ya EABL, na fahirisi ya kampuni zote huzichukua, ilhali fahirisi ya pili huhesabu kampuni za Tanzania pekee. Kwa hiyo upo uwezekano, na hutokea, kwamba upepo wa Nairobi ukaishusha fahirisi ya kwanza siku ambayo hakuna kiwanda cha saruji wala benki ya Tanzania iliyopungukiwa thamani, na gazeti likaandika kwamba soko la Dar es Salaam limeanguka. Mimi ningependa wahariri wetu wataje kila mara ni fahirisi gani wanayoisema, lakini naona nafasi ya kichwa cha habari ni finyu na neno soko ni fupi.

Mjomba bado ana hisa zake elfu mbili na ushei. Hakuziuza zilipokuwa chini ya shilingi 3, kwa aibu. Hakuziuza mwaka 2021 zilipopita 40, kwa tamaa. Na mwaka 2023 zilipokuwa zimerudi chini ya 15 alisema kwamba yeye siku zote alikuwa akifuata gawio tu. Hana hisa ya kampuni nyingine yoyote. Hata hivyo, kila nikipita barazani kwake baada ya sala ya alasiri, kabla sijamaliza kumwamkia shikamoo, huzima redio na kuniuliza, "Mpwa wangu, wewe unayesoma haya mambo, soko limepanda leo?"

Nami humjibu, "Soko lipi, mjomba?"

Hunitazama kama mtu aliyetukanwa, kisha huiwasha redio yake.